Roho Ngapi Ndani?

Kilomita mia mbili na kumi hazibadiliki hata ukizipima kwa fimbo. Kutoka uwanja mdogo wa kule hadi uwanja mdogo wa huku, ndege ya viti kumi ilitumia dakika arobaini na tano. Basi siku moja ilipotua baada ya dakika hamsini na saba, mtu wa redio, ambaye kazini walimwita Sikio, alimtania rubani, "Mlisimama kunywa chai wapi?"

Rubani akamwonyesha saa yake. Kwa saa ile walikaa angani dakika arobaini na tano tu.

Mwezi ule ikatokea mara tatu zaidi. Kila mara abiria walishuka wakinuka ubani, kimya kama watu waliotoka kuzika, na mmoja wao akifika kwake anakuwa si yeye. Dereva wa teksi alisimulia kwamba kaka yake, mmoja wa abiria hao, hali, halali, na humwita mama yake mzazi "wewe mwanamke". Watu walicheka. Sikio hakucheka, maana Ijumaa mkewe alikuwa anarudi kwa ndege hiyohiyo, na mimba ya miezi saba.

Ijumaa asubuhi mama mfagiaji aliegemea ufagio mlangoni pa chumba cha redio.

"Mwanangu, ndege ikiruka huwa unamwuliza nini rubani?"

"Roho ngapi ndani. Ndivyo tulivyofundishwa, mama. Ikianguka tujue tunatafuta wangapi."

"Sasa wenye roho ni watu peke yao?" Alishusha sauti. "Umewaita wale wengine wahesabiwe. Hizo dakika kumi na mbili ndege iko kwao, wanachagua kiti, mtu wa kumkalia. Leo uliza watu."

Sikio akaapa atauliza watu. Akalirudia neno hilo hadi koo likakauka. Lakini mazoea yana taabu, na kinywa cha miaka kumi na tisa hakimngoji mwenyewe. Rubani alipoita kwamba wameruka, Sikio alijisikia akisema, "Roho ngapi ndani?"

"Tisa, nikiwemo."

Dakika ya arobaini na tano ikapita, mbingu nyeupe, haina kitu, na Sikio akasimama, akaketi, akaenda dirishani, akarudi, akaita na kuita, redio ikimjibu kwa mvumo tu kama wa watu wengi wanaonong'ona chumba cha pili, mpaka dakika ya hamsini na sita alipokishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kusema polepole, kila silabi peke yake, "Watu wangapi ndani?"

Rubani alijibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Watu wanane, nikiwemo."

Ndege ikatua. Sikio alikimbia hadi kwenye ngazi, akahesabu wakishuka: mmoja, wawili, watatu, hadi rubani aliyekuwa wa nane, naye akiwa bado na vile visikilizio vya redio shingoni. Akamshika mkono.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu, kaka. Hana neno."

Akatokea, mkono mmoja juu ya tumbo, akashuka kwa uangalifu. Sikio akamkumbatia, machozi yakimtoka. Mkewe akamwekea kidevu begani.

"Ile mara ya pili," akamnong'oneza, "mbona ulibadilisha swali?"