Mafuta ya Bi Harusi

Kila Jumamosi, akishafagia ua na kuosha vyombo vya chai, Nunu alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kuitiwa mara mbili. Kazi hiyo ilikuwa kumfuta Bi Harusi.

Bi Harusi hakuwa mtu. Alikuwa skuta ndogo ya bibi yake, Bibi Moza. Rangi yake ilikuwa kijani cha embe bichi, na mbele alikuwa na taa moja ya mviringo, imekodoa kama jicho la mtu aliyesikia umbea. Alitengenezwa kwa mtindo wa zamani, hata wazee wa Kariakoo wakimwona husimama na kusema, "Eh, vespa za ujana wetu hizi."

Bibi Moza alikuwa na miaka sitini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuwapaka hina maharusi. Magari yakikwama kwenye foleni na mikokoteni ikiziba njia, yeye hupenya katikati yao, baibui amelibana vizuri, kofia ngumu imekaa juu ya ushungi, kikapu cha hina kati ya miguu. Wabeba mizigo humtania.

"Bibi, nipe lifti."

"Panda, baba. Nauli yake ni kupakwa hina mpaka kwenye viwiko."

Nunu, mwanafunzi wa darasa la sita, aliishi na bibi yake kwenye nyumba ya vyumba vingi, yenye ua mmoja na jiko moja la wote. Aliipenda skuta ile kiasi cha kuiamkia asubuhi. Lakini Bibi alikuwa amempa sharti.

"Kazi yako ni kufuta, si mafuta," alisema. "Hapo kwenye tangi usiguse. Bi Harusi hanywi petroli tupu kama pikipiki nyingine. Huchanganyiwa na oili, na kipimo chake nakijua mimi na Fundi Onesphory tu."

Shida ni kwamba oili yenyewe Bibi aliiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya rafu ya jikoni. Na yeye kila kitu alikiita mafuta. Petroli ni mafuta, oili ni mafuta, ya kupikia ni mafuta, ya nywele ni mafuta. Akisema, "Nunu, niletee mafuta," ilibidi kwanza umtazame ameshika nini mkononi: chanuo, mwiko, au kofia ngumu.

Jumamosi moja mchana Bibi alikuwa amejilaza. Rasha, rafiki yake Nunu wa nyumba ya mbele, akaingia uani akitafuna ubuyu.

"Mambo?"

"Poa."

"Bado unakifuta tu hicho kikongwe? Shoga, wewe na hiyo skuta ni kama mtu na bosi wake. Unaipangusa miguu, yenyewe hata haikupandishi cheo."

"Nani kakwambia nafuta tu?" Nunu alisema. "Hata kuiwekea mafuta najua."

"Weka basi tuone."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekumbuka sharti la bibi yake. Nunu hakukumbuka. Alikwenda jikoni. Kwenye rafu palikuwa na chupa mbili za maji, na ndani ya kila moja mafuta ya rangi ya asali. Moja ilikuwa karibu na dirisha, nyingine pembeni. Akachukua ya dirishani, akafungua tangi, akamimina. Kipimo hakukijua, na mbele ya mtu anayekutazama mkono huwa mwepesi, kwa hiyo alimimina mpaka chupa ikakauka.

Rasha akanusa. Akanusa tena.

"Nunu, mbona inanukia samaki, tena changu?"

Nunu akaileta chupa puani. Kweli. Ilikuwa chupa ya Mama Bryson, jirani yao aliyetoka Masasi, anayekaanga samaki na mihogo pale uani kila alasiri na kuwauzia mafundi wa mtaa wa Gerezani. Ndani yake yalikuwa mafuta aliyokaangia samaki jana.

"Mimi sikuwepo hapa," Rasha akasema, na akatoka kwa kasi ambayo mabasi ya mwendokasi yangeionea wivu.

Nunu akabaki na chupa tupu mkononi. Bibi akijua, pale kwenye skuta hata kitambaa hatashikishwa tena. Akatazama huku na huku. Chupa tupu akaifukia chini ya maganda kwenye ndoo ya taka. Kisha, ili Mama Bryson asione pengo dirishani, akaisogeza ile chupa ya pembeni mpaka mahali pa ile aliyoimaliza. Alitaka tu paonekane sawa. Mengine angeyafikiria kesho.

Bibi Moza akaamka, akatoka akijifunga kanga.

"Nunu, leo nakwenda kumpaka binti wa Mzee Abdulkadiri, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Umemfuta Bi Harusi?"

"Nimemfuta, Bibi."

Lilikuwa jibu la kweli, lakini nusu yake. Na nusu ya ukweli ni kama kiatu kimoja: unacho, lakini huendi nacho mbali.

Bibi akaingia ndani kuswali na kuvaa. Nunu akakaa kizingitini akiitazama skuta. Aliwaza jinsi itakavyozimika katikati ya malori mawili, Bibi akiwa juu yake na kikapu chake. Upande wa jikoni aliwasikia watu wakiingia uani, akasikia mkaa ukipepewa, kisha akasikia "shwaaa", mihogo ikiingia kwenye karai. Hakugeuka mpaka mihogo ya kwanza ilipoepuliwa.

"Mkaa huu umelowa nini?" Mama Bryson alisema huku akipiga chafya. "Moshi wote huu wa wapi? Na pua yangu imeziba tangu juzi, sisikii harufu hata ya udi."

Nunu akageuka. Mama Bryson alikuwa ameinama juu ya karai, na kando ya jiko palikuwa na chupa. Ile chupa ya pembeni. Nusu yake ilikuwa imekwisha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa na oili ya Bibi. Kwenye karai lile mlikuwa na oili ya injini. Fundi Onesphory na mwenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi na sahani zao za kachumbari. Onesphory alikuwa tayari na kipande mkononi, anasubiri kipoe. Naye Bryson, mtoto wa Mama Bryson, mwenye miaka minne, alikuwa amepewa kipande cha kwanza kabisa, kama kawaida ya mtoto wa mpishi. Alikuwa anakipuliza.

Nunu akisema, yote yatajulikana. Asiposema, je?

Bryson akapuliza mara moja. Akapuliza mara ya pili. Akafungua mdomo.

Nunu aliruka kutoka kizingitini, akapita juu ya ndoo, akampokonya muhogo.

"Usile, Bryson. Tema kama umeuma. Msile, jamani, mtu asile."

Bryson akaangua kilio. Mama Bryson akasimama na mwiko wake.

"Nunu, umechanganyikiwa? Unamnyang'anya mtoto muhogo?"

"Mama Bryson, hayo si mafuta ya kula. Ni mafuta ya Bi Harusi."

"Bi harusi gani, mwanangu? Nani anaolewa?"

"Skuta. Skuta ya Bibi. Umekaangia oili ya skuta, na mimi ndiye niliyeiweka dirishani."

Fundi Onesphory akakirudisha kipande chake kwenye sinia polepole, kama mtu anayemrudisha kifaranga kwa mama yake. Akalisogelea karai na kunusa.

"Ni oili," alisema. "Harufu nimeisikia tangu nakaa. Nikadhani ni mimi."

"Ameshakula mtu?" Bibi Moza aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, ushungi umefungwa upande mmoja tu.

Onesphory hakuwa amekula. Mwenzake hakuwa amekula. Mama Bryson akamfungua mwanawe mdomo, akamchungulia mpaka kooni. Hakuona kitu ila meno ya maziwa. Akaketi chini palepale.

"Asante Yesu," alisema.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema papo hapo, na maneno yao yakagongana hewani.

Mama Bryson alipopata pumzi akauliza, "Sasa mafuta yangu yako wapi?"

Hapa Nunu angeweza kusema hajui. Lakini hakuwa na nguvu ya kubeba uongo mwingine.

"Yako kwenye tangi la skuta. Mimi ndiye niliyeyamimina. Nilitaka Rasha anione najua."

"Yote?" Bibi akauliza.

"Yote, Bibi."

"Ya samaki?"

"Ya samaki."

Bibi akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakawa yanatikisika. Nunu akadhani analia, na machozi yakamlengalenga. Kumbe mwenzake anacheka.

"Bi Harusi wangu," Bibi alisema akijipangusa macho, "amelishwa samaki, na wanaume wazima wangelishwa oili. Onesphory, atapona?"

"Umeshamwasha, Bibi?"

"Nilikuwa natoka kumwasha."

"Basi amepona. Angeunguruma kidogo tu, ningekuwa nafungua injini mpaka kesho."

Onesphory akaisukuma skuta mpaka nje barabarani, mbali na moto. Akayamwaga yaliyokuwamo kwenye tangi, akalisuuza kwa petroli safi, akabadilisha plagi, akachanganya mafuta mapya kwa kipimo chake. Akapiga kiki mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Nunu alikuwa ameziba masikio kana kwamba hataki kusikia habari mbaya. Mara ya tatu, skuta ikakohoa, ikatoa moshi wenye harufu ya changu, kisha ikaanza kuimba kama kawaida yake. Nunu akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba tangu mchana.

Bibi Moza hakupanda mara moja. Alimwita mjukuu wake kando, akamshika bega.

"Nisikilize. Na mimi nina langu. Oili ya injini kuikalisha jikoni kwenye chupa ya maji, huo ni uzembe wa mtu mzima, na Mama Bryson nitamwomba radhi mwenyewe. Karai langu la ndani namwachia achukue, na mafuta yangu ya kupikia pia. Hili lake lenye oili, Onesphory aoshee spana. Na kuanzia leo, oili inakaa stoo, kwenye kopo lake, na jina lake limeandikwa."

"Ndiyo, Bibi."

"Wewe ulipomimina ulikosea kwa mkono tu. Hilo limeoshwa kwa petroli, limekwisha. Ila ulipohamisha chupa ili nisijue, hapo umenitisha, mwanangu. Kosa likisemwa mapema ni mafuta yaliyomwagika, unayapangusa. Likifichwa linaingia karaini, linakaangwa, na hujui litatua kwenye sahani ya nani. Leo lilikuwa linakwenda kwa Bryson. Umesema kabla hajauma. Kwa hilo, umenipa raha kubwa kuliko hasira niliyokuwa nayo."

Nunu akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini mafundi hawa hawashibi kwa samahani. Kamenye mihogo mingine, na Mama Bryson asiguse kisu."

Bibi akavaa kofia yake ngumu na kuondoka. Nunu akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya. Bryson akasogea, akakaa karibu naye, macho kwenye sinia. Kipande cha kwanza kilipoiva, Nunu alikionja yeye mwenyewe kwanza, kisha akampa.