Kiatu cha Dohani

Asikudanganye mtu. Habari za nyumba ya Idwal Probert ninazijua mimi, maana siku ile nilikuwa nje ya dirisha lake, na bonde zima hakuna mwenye macho kama yangu.

Ilianza na harufu ya soksi mbichi. Idwal alikuwa akikarabati dohani, njia ya moshi ya nyumba yake ya mawe, akakuta kiatu cha mtoto kilichojengewa ukutani na wazee. Kitongojini kwetu kiatu cha namna hiyo hakiguswi: jini huingia humo akifuata joto la mguu, na kwa kuwa hajui kurudi kinyumenyume, hunasa. Idwal akakitupa motoni. "Takataka!"

Saa nane mchana binti yake, Nest, akashikwa na uchungu wa uzazi.

"Baba, washa gari."

Wakatoka mlango wa nyuma, wakajikuta jikoni. Wakatoka mlango wa mbele, ambao hufunguliwa kwa maharusi na maiti tu. Jikoni tena.

"Baba, unanizungusha?"

"Shh! Sikiliza."

Ndani ya dohani kitu kilikuwa kikishuka kwa mguu mmoja, taratibu, kikikwaruza mawe, kikipumzika, kikishuka tena, na ile harufu ikazidi kuwajaa puani mpaka Nest, aliyejikunja mezani kwa maumivu, akawa anaogopa hata kuvuta pumzi ya kupigia kelele.

Nilimkimbilia Bi Heulwen, mkunga na mganga wetu. Akasimama dirishani.

"Idwal, umechoma kiatu?"

"Nimechoma, Bi Heulwen."

"Kondoo wako wana akili kukushinda! Vua chako kingali na joto, kijengee palepale. Ila mwenye kiatu hatatoka tena nyumbani humo."

Nest akaanza kuvua chake. Idwal akamshika mkono.

"Wewe una safari, mwanangu."

Akavua buti, akalijengea ukutani kwa mawe na chokaa. Mkwaruzo ukakoma. Nest akatoka mlangoni kama mtu yeyote, akajifungulia garini mwangu, gari lisilowahi kuzimika njiani.

Jumapili alimleta mtoto dirishani.

"Baba, mshike mjukuu wako."

Idwal akanyoosha mkono nje. Upande wetu wa dirisha hakukutokea mkono wowote. Nyuma yake, ndani ya dohani, vidole vyake mwenyewe vitano, vyeusi kwa masizi, vikateremka, vikipapasa hewa, vikimtafuta mtoto.