Ute wa Kambale

Habari hii alinisimulia Koleta mwenyewe, mjukuu wa dada yangu, Jumapili moja baada ya misa, tukimenya karanga za mbegu kwao Ntalikwa. Alitema mate mara mbili kabla hajamaliza, na mtaona sababu.

Kila asubuhi kabla ya shule, Koleta aliteka maji kisimani, kisha akawalisha vifaranga wa kambale. Mama yake, Gaudensia, alikuwa amewaleta kwa treni kutoka Mwanza, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Walikuwa mia nne, kila mmoja mdogo kuliko kidole cha mtoto, katika mabeseni mawili makubwa chini ya kibanda cha nyasi. Wangekaa humo wiki sita, ndipo wahamie bwawani, yaani shimo la zamani la kufyatulia tofali. Revocatus, bwana samaki wa kata, mtaalamu wa ufugaji, alikuwa amesisitiza: wiki sita kamili.

Koleta aliwaona kinyaa. Kambale hana magamba, ana ute. Kila alipotoa uchafu kwenye beseni, ute ulimganda vidoleni, mzito, ukivutika kama kamasi. Alinawa kwa sabuni mara tatu na harufu ikabaki palepale. Darasani, rafiki yake Najiat alisogea mwisho wa dawati.

"Koleta, leo umenawa kwa kamasi?"

Darasa lote likacheka. Hata Nestory, ambaye mafua hayamwishi, naye akacheka.

Jumamosi kina mama wa jumuiya wangekuja kuwaona samaki hao, na Koleta hakutaka aibu ile imfuate nyumbani. Akakumbuka kambale anavyoandaliwa jikoni kwao: unamsugua kwa majivu mpaka ute wote utoke. Basi Ijumaa jioni, mama akiwa mashineni kusaga unga, alichota majivu. Aliwatoa vifaranga wa beseni la kwanza wachache wachache, akawasugua viganjani, akawasuuza na kuwarudisha. Giza liliingia kabla hajagusa beseni la pili.

"Mbona hawa wanang'aa?" waliuliza wageni kesho yake. Koleta akatabasamu.

Jumanne asubuhi harufu ilimpokea kabla hajafika kibandani. Maji ya beseni la kwanza yalikuwa ya kijivu, yenye utando juu, na nzi walikuwa wameshatua. Vifaranga wengi walielea matumbo juu. Migongoni walikuwa wameota nyuzi nyeupe kama pamba, na mapezi yao yalikuwa yamelika. Koleta alimwokota mmoja. Ngozi ikabaki mkononi mwake, nyama ikazama. Akatapika uji wote.

"Umewafanya nini?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Labda ni dawa ya tumbaku. Mzee Masanja aliosha bomba lake la kunyunyizia karibu na kisima."

Masanja alikuwa jirani yao, Msukuma mcheshi aliyewachimbulia shimo lile la tofali likawa bwawa, bila kudai chochote. Gaudensia alifunga kanga kiunoni, akaenda. Koleta alimsikia kutoka uani.

"Mzee Masanja, umeniulia samaki."

"Mimi? Shemeji, kama ningetaka kuwaua, ningesubiri wanenepe."

Siku hiyo Gaudensia hakucheka. Alirudi na ndoo. "Maji ya kisima yana sumu," alisema. "Hawa wa beseni la pili tuwapeleke bwawani sasa hivi, wapone. Nikimaliza nakwenda kwa mtendaji kumshtaki huyu mzee. Shika upande huo wa beseni."

Koleta alishika. Ndani ya beseni la pili vifaranga mia mbili walikuwa wakiteleza mmoja juu ya mwingine, wazima kabisa, wamejaa ule ute aliouchukia. Alijua wiki sita hazijafika. Alijua pia kwamba maji yao yalitoka kisima kilekile.

"Mama, tuweke chini," alisema. "Ni mimi. Niliwasugua kwa majivu."

Gaudensia alilitua beseni. Hakumpiga. Alichukua simu, akampigia Revocatus.

Bwana samaki alifika na pikipiki. Aliinama juu ya beseni, akaziba pua kwa kiwiko.

"Shikamoo," Koleta alimwamkia kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Njoo karibu, usikimbie harufu. Mtoto mchanga akizaliwa, anatoka na kinga kidogo ya mama yake, sivyo? Kambale naye hivyohivyo, anaipata ndani ya yai. Lakini inaisha baada ya siku chache. Kinga yake mwenyewe mwilini inajengeka polepole, wiki kwa wiki. Sasa katikati hapo, nani anamlinda?"

Bwana samaki alijijibu mwenyewe.

"Ute. Vijidudu vinanaswa humo kabla havijafika kwenye ngozi. Wewe ulimvua nguo mtoto ambaye hata chanjo hajapata, na majivu yakamchubua. Ukungu ukaingia, ndizo hizo nyuzi nyeupe. Na mngewatupa hawa wa beseni la pili bwawani leo, kwenye tope lile, ute peke yake usingetosha, wangeoza vilevile."

Aliwapa kazi. Walio hai wa beseni la kwanza walihamishiwa kwenye maji safi yenye chumvi kidogo ya kipimo alichowaonyesha. Waliokufa ilibidi Koleta awaokote mwenyewe kwa mkono na kuwafukia mbali na kisima. Walikuwa mia moja sitini na tisa. Alitapika tena, akaendelea.

Alasiri alikwenda kwa Masanja pamoja na mama yake.

"Shikamoo babu. Nilikusingizia. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe," alisema Masanja. "Lakini wakinenepa, kichwa cha kwanza ni changu."

Njiani Gaudensia alisema, "Mwanangu, kuona kinyaa si kosa. Kosa ni kuharibu usichokijua, halafu ukamtwika mwingine lawama. Ungenyamaza leo, tungepoteza samaki wote na jirani juu yake."

Jioni Koleta aliingiza mkono katika maji ya chumvi. Kifaranga mmoja kati ya wale thelathini na mmoja alimpita kiganjani. Alikuwa ameanza kuteleza tena, kidogo tu. Koleta alimwita mama aje aguse.

Alinawa kwa sabuni, akala ugali, akaenda kulala. Alinusa vidole, harufu ilikuwepo. Kwa mara ya kwanza hakuinuka kwenda kunawa tena. Mama alikuwa ameshalala. Koleta akavuta shuka, mkono ukiwa karibu na uso, naye akalala.