Kadi Ambayo Haikuwemo

Malori ya misaada yalikuwa yamelifunga soko la Ngara pande zote. Katikati ya honi na vumbi jekundu alisimama kijana mwenye kompyuta begani na shati lililokuwa jeupe asubuhi. Mbele yake Raya alikuwa akichagua ndizi: gauni la bluu, mtandio wa manjano, na wanja wa kumpoteza mtu njia.

"Samahani dada, ofisi ya redio ya shirika iko wapi?"

"Umeshafika, kaka. Anayeongea redioni ni mimi. Subiri nimalize ndizi zangu."

Kijana huyo, Khalidi, alicheka, almanusura kompyuta imponyoke. Alikuwa fundi, ametumwa kutoka Biharamulo kuifunga mashine hiyo, ili maombi ya chakula cha wakimbizi yatumwe kwa kompyuta badala ya Raya kuyasoma redioni hadi koo likauke. Kazi ya siku moja aliifanya wiki nzima, na waliowahi kupenda hawatauliza kwa nini.

"Kwenu mnafanya nini?" Raya alimuuliza siku moja, nje ya duka la vitambaa la baba yake.

Khalidi aliyatazama majora ya hariri, akamtazama mzee yule mwenye asili ya pwani na kanzu iliyonyooka, akaogopa. "Tuna maduka Mwanza," akasema.

Aliporudi Biharamulo wakawa wanapendana redioni, maana simu hazikuwapo.

"Ngara, hapa Biharamulo. Umekula, laazizi? Ova."

"Nimekula. Taratibu, madereva wa malori wanatusikia kwenye redio zao. Ova."

"Waache wasikie. Ova."

Raha hiyo ilikatwa na kompyuta. Siku ya kwanza Raya kuitumia iligoma kutuma chochote, na mkuu wa ofisi akasema Raya ameiharibu. Khalidi akaja mbio, akafungua boksi, akachungulia, akashika kichwa.

"Kosa ni langu, mkuu," alisema. "Mashine hii haijui yenyewe kilichomo ndani yake. Lazima uiandikie kwenye faili: kadi ya mawasiliano, ile inayotuma ujumbe, ni ya aina gani, iko anwani ipi, inatumia namba ipi. Mimi nilinakili faili la mashine ya Biharamulo, kwa kuwa kwa nje zinafanana. Kumbe humu kuna kadi nyingine."

"Kwa hiyo muda wote inaita kadi ambayo haimo?" Raya aliuliza.

"Iliamini nilichoiandikia."

Akaandika upya, safari hii akisoma maandishi ya kadi yenyewe. Ujumbe ukaenda. Raya alijaa furaha, hadi Ernesta, mpishi wa ofisi, alipoingia na chai.

"We! Si Khalidi wa Mzee Anuar wa kijijini kwetu Kaniha? Mihogo ya baba imekomaa?"

"Shikamoo, mama," Khalidi alijibu kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu."

Raya aliweka kikombe chini. "Na maduka ya Mwanza?"

Khalidi alirudi kukaza skrubu za boksi.

"Mashine umeiandikia ukweli. Mimi nimekukosea nini?" Akajitanda mtandio, akatoka.

Tangu hapo redioni alimjibu mambo ya kazi tu, kwa sauti ya kiofisi. Khalidi alikonda.

Kila asubuhi vituo vyote huitana kuhakikisha vinasikika. Asubuhi moja, wote wakiwa hewani, Khalidi alishika kipaza sauti.

"Ngara, hapa Biharamulo. Mimi ni Khalidi Anuar wa Kaniha. Baba analima mihogo, mama anauza maharage gulioni. Duka hatuna, hata la viberiti. Nyumba yangu imeezekwa upande mmoja. Nakoroma. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kukukosa. Nakupenda, Raya. Naomba kukuoa. Ova."

Raya aliisogelea redio. Kisha dereva mmoja akashindwa kuvumilia: "Ngara, mjibu kijana wa watu, tuna safari! Ova."

Raya alifuta machozi, wanja ukahamia shavuni. Akabonyeza kitufe.

"Biharamulo, hapa Ngara. Upande wa pili tutaezeka pamoja. Baba atakuwa dukani Ijumaa baada ya swala. Njoo na mzee wako, tena awe wako mwenyewe, usije na wa kuazima. Ova."