Aliyeketi Kushoto

Jumatatu ya tarehe nne Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, Losaline alijitazama kwenye kioo akakuta unyusi wake wa kushoto umeshuka, na kope imelala juu ya jicho kama pazia lililokatika kamba. Upande wa kulia ulikuwa bado uso wake.

Muuguzi wa zahanati alisema ni uzee tu. "Hakuna uso unaolingana pande mbili, mama. Ujanani hatuoni. Uzee ndio hutoa siri, nao huanzia machoni."

Akarudi nyumbani kusuka mkeka. Ndipo aliponusa mafuta ya nazi yenye msandali, yale ambayo mumewe Patelisio alijipaka siku za misa. Patelisio alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Naye uzeeni unyusi wake wa kushoto ulishuka vivyo hivyo.

Losaline akageuka. Katika kiza cha upande ule uliozibwa na kope, mtu alikuwa ameketi. Akainua kope kwa kidole: mkeka mtupu. Akaiachia: pumzi ya mtu.

Hakupiga kelele. Watoto wote walihamia Auckland, ng'ambo ya bahari. Tangu mazishi hapakuwa na wa kuketi naye. "Umechelewa," alimwambia. Kuanzia hapo akawa anapakua magimbi sahani mbili.

Fipe, dada wa marehemu, alizikuta sahani zile. Akanong'ona, "Wifi, mzizi wa mti umeingia kwenye fuvu la kaka, unamuuma. Ndiyo maana anakuvuta jicho. Tufukue tuutoe, la sivyo atakuvuta mzima mzima."

"Mwache. Siumwi."

"Mume wa kulishwa magimbi yasiyopungua, huyo? Mifupa ile ni ya kwetu, wifi, na dada ndiye msemaji."

Kwa mila ndivyo ilivyo. "Ukiutoa ataondoka," alisema Losaline. "Nitabaki na nani?"

Kesho yake alasiri, chini ya mivinje ya makaburini, wachimbaji walipofikia mifupa waliambiwa waende mbali, wakabaki mawifi wawili tu. Fipe akalipakata fuvu kwenye kitambaa cheupe, akalipangusa mchanga, akaingiza kidole kwenye tundu la jicho la kulia, kisha la kushoto, akakizungusha, akakizungusha tena, huku upepo umekoma na harufu ya msandali ikipanda ingawa chupa ya mafuta waliyokuja nayo haijafunguliwa, na Losaline akiisikia kushotoni mwake pumzi ile ile, karibu kabisa na sikio, kama ya mtu anayechungulia begani aone kaburini kuna nani.

"Pasafi," Fipe alinong'ona. "Hakuna mzizi. Kaka amelala vizuri, wifi. Siye aliyekuwa akija kwako."

Wakalipaka fuvu mafuta, wakalirudisha, wakafukia. Wakapiga magoti. Losaline akasali Baba Yetu.

"Amina," alisema Fipe.

"Amina," ikaitikia sauti nyingine, kushotoni.

Losaline hakuthubutu kuigusa kope. Akaushika mkono wa wifi yake, akaanza upya, polepole: "Bwana, umpumzishe Patelisio, aliyelala hapa peke yake miaka yote hii, nami nikidhani yuko nyumbani. Umpe raha ya milele, na mwanga wako umwangazie, upande wa kulia na wa kushoto."