Karata za Kiti Kitupu

Kiti kilikuwa na joto. Stellah alikisogeza ili afagie, na mbao yake ikawa vuguvugu kiganjani kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, ilhali mwenye kiti, Isidori, walikwisha kumzika kwao Butiama. Jua limepitia dirishani, akajiambia. Lakini dirisha la sebule yao, mtaani Nyakato, halijaona jua tangu jirani apandishe ukuta.

Kosa lilikuwa la wanaume. Wanne hao, mumewe Machage na Isidori upande mmoja, Mseti na Abraham upande wa pili, walikuwa wamecheza briji miaka na miaka, mchezo ambao Machage alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mpishi wa wazungu kwenye mgodi wa zamani wa Kiabakari. Msibani watu hucheza karata, hilo la kawaida. Wao wakaona wamheshimu mwenzao zaidi. Mpaka matanga yavunjwe, Isidori atagawiwa karata zake mbele ya kiti chake, na zamu yake ikifika atahesabiwa amepita, yaani kaiacha. Hapo hapana neno. Ila Machage, kwa mazoea ya mdomo, alinadi, "Kopa moja," kisha akakitazama kiti na kusema, "Isidori, jibu."

Marehemu haitwi mezani. Hata mtoto analijua hilo.

Kiti kikajibu, "Shupaza mbili."

Asiyejua briji aelewe hili tu: mwenzako akinadi, yaani akitaja karata na ngazi yake, nawe umeshika karata nono, unaruka ngazi. Shupaza moja ingetosha. Ukisema mbili umemwambia, nina nguvu, usisimame, tupande. Naye akishaambiwa hivyo ni mwiko kupita. Ngazi ni saba.

Na wanaume wale! Wangekimbia siku ile ile, lakini kila mmoja alingoja mwenzake atangulie kuogopa, basi wakabaki wote. Kesho yake wakarudi tena. Machage alikuwa anashinda michezo yote, anacheka peke yake, chakula hagusi, shati linamning'inia mabegani, na nyumba nzima ikaanza kunuka udongo mbichi hata Stellah akiwa anakaanga sato. Juzi walifika ngazi ya tano. Jana ya sita, na jana Stellah, amesimama mlangoni na sinia la chai, aliisikia sauti ikimwambia mumewe taratibu, kwa upole kabisa, "Tukifika saba, tunaondoka wote."

Asubuhi alimshika mkono.

"Baba Robi, huyo si Isidori," alinong'ona. "Isidori alikuwaga mwoga wa kunadi. Hata ashike ree zote nne, anasemaga kopa mbili, anajikunyata. Si ulikuwa unamgombeza kila siku?"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba si yeye. Nimejua toka siku ya kwanza." Machage alikuwa anachanganya karata, macho yamemwingia ndani. "Mama Robi, miaka yote nimetafuta mtu wa kunionyesha nguvu zake. Huyu ananionyesha. Nitampitaje?"

Stellah aliumia, tena akakasirika, maana miaka hiyo yote nani alikuwa akimwamsha, akimpikia, akimwombea? Alikwenda kanisani, akarudi, akangoja.

Jioni karata zikagawiwa. "Kopa moja," Machage alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga. "Napita," Mseti akasema. Kabla kiti hakijajibu, Stellah aliweka sinia chini, akaenda, akakikalia.

Hakukalia mbao. Alikalia magoti, magoti ya mtu, ya moto na yenye mifupa, yakasogea kidogo kumpa nafasi, na alipozinyanyua zile karata vidole asivyoviona vikajipanga juu ya vidole vyake, kimoja juu ya kimoja, vikimfunulia ree ya kopa, na ya shupaza, na ya uru, na ya pau, na pumzi yenye harufu ya udongo ikampanda shingoni hadi sikioni, ikausukuma ulimi wake kutoka nyuma, ruka, mwambie una nguvu, mwambie msisimame, huku ng'ambo ya meza mumewe akimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

"Shemeji, toka hapo," Abraham alinong'ona. "Toka, tafadhali."

Stellah aliung'ata ulimi mpaka akasikia damu.

"Napita," alisema.

"Napita!" Abraham akadakia, na mnada ukafa hapo hapo kwenye moja.

Karata zikamponyoka Stellah, zikaanguka zimefunuka, ree nne mstari mmoja. Harufu ikakatika. Machage alizitazama zile karata, halafu akalia kilio ambacho hakukilia makaburini. "Isidori amekufa," akasema. "Jamani, rafiki yangu amekufa." Mseti akamshika bega. Abraham akafungua madirisha, akasema limekwenda, Mungu mkubwa, limekwenda.

Machage alijifuta uso kwa shati. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akasema ana njaa.

"Njoo, mama," akamwita mkewe, akimnyooshea mkono. "Imekwisha. Simama tukale."

Stellah alitabasamu ili asimtishe. Akajaribu kusimama, na mikono asiyoiona, iliyokwisha kumzunguka kiuno, ikamkaza zaidi.