Ncha ya Lubugo Kwenye Injini ya Pijo

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida pale Nshamba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, umekaribia na kila mtu akitazama mawingu kwa uchu, Gozbert Buberwa alipolisukuma Pijo kuukuu la marehemu baba yake nje ya banda. Majirani tulicheka kidogo, tusiseme uongo. Gari lilikuwa limekaa humo miaka mingi hata kuku wakaliona ni lao, wakitaga kwenye kiti cha nyuma na kumpigia kelele mwenye mali. Gozbert aliwafukuza taratibu, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akasimama akiliangalia.

Ndilo gari lililomleta mkewe Benigna kutoka kwao Kaagya siku ya harusi. Sasa Benigna alikuwa amelala nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na mwaka ulikuwa haujaisha tangu azikwe.

Sababu ya kulitoa ilikuwa Kokuhirwa, mtoto wao wa pekee, mwalimu mjini Bukoba, aliyekuwa anaolewa. Sebuleni kwao ilitundikwa picha ya harusi ya mama yake. Siku ile rejeta ilichemka kwenye kilima cha Izigo, wakafungua boneti, na mpiga picha akamnasa bibi harusi kando ya injini, debe la maji mkono mmoja, viatu mkono wa pili, miguu mitupu kwenye tope, anacheka.

"Tata," Kokuhirwa alimwambia baba yake kwenye simu, "nataka picha ileile. Nisimame pale mama aliposimama, boneti wazi, injini iwe kama ilivyokuwa."

Gozbert alikata simu, akalia. Kisha akampigia Muksini, fundi wa Bukoba anayependa magari ya zamani kuliko wateja wenyewe.

Muksini alikuja, akachungulia ndani ya boneti, akaguna. Kulikuwa na viraka vya kila aina: kamba za plastiki, tepu za rangi, mpira wa rejeta wa buluu unaong'aa kama pipi. Aliipiga picha ile ya harusi kwa simu, akawa anaikuza na kufanya kazi huku akiitazama. Aling'oa plastiki zote. Akarudisha mipira myeusi na vibano vya skrubu, akapaka kopo la kichujio cha hewa rangi nyeusi isiyong'aa, na skrubu mpya akazipaka mafuta machafu ili zisijidai. Siku baada ya siku injini ilirudi ujanani. Alikwama kwenye nyaya.

"Mzee, hizi nyaya kwenye picha hazina tepu. Zimeviringishwa nguo."

"Ni lubugo," Gozbert alisema. "Panya walikula nyaya, baba akazifunga kwa vipande vya lubugo."

"Basi tutafute kitambaa chochote cha kahawia. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu wa kwetu. Lubugo, ile nguo ya gome la mti, siku hizi ni nadra, na aliye nayo huiweka kwa ajili ya kuwafunika wafu. Benigna alifunikwa nayo ndani ya jeneza. Inatakiwa ivuke miguu, kisha ncha ikunjwe irudi juu ya nyayo ili marehemu asisafiri na baridi. Siku ya maziko Gozbert aliomba aachwe naye peke yake. Watu walipotoka, akaikata ile ncha na kuificha ndani ya koti. Dada yake Ephrasia, aliyesimamia maziko, alimuuliza kama miguu imefunikwa, naye akaitikia kwa kichwa. Alitaka tu kubaki na kitu. Nani kati yetu angemlaumu?

Sasa alilifungua kasha alimoihifadhi, akaikata ncha ile vipande vyembamba, na akaviringisha nyaya kwa mikono yake mwenyewe. Muksini alipozungusha ufunguo, injini iliwaka mara moja. Sauti ilikuwa ileile ya zamani. Gozbert aliegemea ukuta wa banda akalia kama mtoto, na fundi akajifanya anatafuta spana.

Muksini alirudi mjini. Asubuhi iliyofuata Gozbert alikuta boneti iko wazi. Kando ya gari lilisimama debe limejaa maji. Alidhani ni watoto wa jirani. Akafunga boneti, akamwaga maji kwenye migomba.

Kesho yake boneti ilikuwa wazi tena, na debe limejaa. Akaigusa rejeta. Ilikuwa ya moto, na ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake.

"Benigna," alinong'ona.

Maji ndani ya debe yalitikisika kidogo, yakatulia.

Mtu mwingine angekimbia. Gozbert alinyoa ndevu. Akavaa shati safi. Kila asubuhi tulimsikia akilisalimia gari, akilisimulia bei ya kahawa na ujinga wa kuku, na tulinong'onezana kwamba upweke umemzidi. Kumbe alikuwa na furaha. Hata maji ya debe yalipoanza kuwa mekundu kwa udongo, hakuuliza unatoka wapi.

Kokuhirwa alikuja nyumbani wiki ya harusi. Baba yake akamkaribisha kiti cha mbele, wakaelekea Muleba kununua mahitaji. Hawakufika mbali.

"Tata, chini hapa kuna maji?"

"Hamna. Pamekauka."

"Mbona kuna baridi hivi?"

Alikuwa ameipandisha miguu kwenye kiti, akiifikicha kwa mikono. Gozbert aligeuza gari. Nyumbani, Ephrasia alimvua viatu. Katikati ya vidole kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Viatu vilikuwa safi.

Shangazi akaleta beseni la maji ya moto. Kokuhirwa akaingiza miguu. Mvuke ukakatika. Maji yakapoa. Akaleta mengine. Yakapoa.

"Siisikii miguu yangu, shangazi," msichana alisema kwa sauti ndogo.

Ephrasia aliliacha beseni. Alitoka kupitia mlango wa nyuma, akaenda migombani. Aliporudi alisimama karibu sana na kaka yake.

"Kaburi limetitia," alinong'ona. "Upande wa miguu."

Gozbert akatazama chini.

"Gozi. Ile ncha iko wapi?"

Macho ya Gozbert yalikwenda bandani, na dada yake akayafuata, akaelewa. Akakaa chini ghafla.

"Nikiitoa ataondoka," Gozbert alisema. "Sasa hivi yupo, Ephrasia. Ananiwekea maji. Yupo."

"Ameshaondoka, kaka. Yupo njiani anatafuta cha kufunika miguu. Na amempata mwanao."

Hata hapo alisita. Ukweli ndio huo, alisita, maana aliyempoteza mke mara moja anajua uzito wa kumpoteza tena. Kisha sauti ya Kokuhirwa ikatoka ndani.

"Tata. Baridi imefika magotini."

Alikimbia.

Boneti ilikuwa wazi. Alishika kipande cha kwanza. Kilikuwa kibichi. Kizito. Kilinuka udongo wa chini, ule usioona jua. Akavuta. Kikaja, kikaendelea kuja, kirefu kuliko alivyokikata. Akavuta kingine. Vilikuwa vimeingia mahali ambapo hakuviringisha, chini ya kabureta, nyuma ya betri, kila penye joto. Alipofika cha mwisho, kikakaza. Kuna kitu kilikuwa kimekishika upande wa pili.

Akainama.

"Gozi," sauti ilisema kutoka ndani ya injini. "Baridi."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ndivyo Benigna alivyokuwa akisema miaka yote ya ndoa yao, usingizini, kila Gozbert alipolivuta blanketi upande wake. Na kila mara alimrudishia, akimfunika mpaka vidole.

"Nakurudishia, mke wangu," alisema. "Nakurudishia sasa hivi."

Kipande kikaachia.

Ephrasia alivishona vyote pamoja kwa uzi mwekundu. Walichimba jua likiwa bado kali, upande wa miguu tu, mpaka jembe likagonga mbao. Gozbert alishuka mwenyewe. Aliitandaza ile ncha juu ya mbao, akaikunja pembeni kama anavyokunja mtu anayefunika mtoto, na kwa muda hakutaka kutoka shimoni. Dada yake alimvuta kwa mkono. Walipomaliza kufukia, Kokuhirwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, peku, akilia. Udongo ulikuwa wa uvuguvugu chini ya nyayo zake na aliuhisi.

Asubuhi iliyofuata boneti ilikuwa imefungwa. Debe lilikuwa tupu. Gozbert alilisalimia gari kwa mazoea, kisha akalipindua debe.

Muksini alikuja akaviringisha nyaya upya kwa pamba aliyoichemsha kwenye majani ya chai mpaka ikawa kahawia, na hakuuliza lubugo imekwenda wapi. Harusi ilifana. Kwenye kilima cha Izigo rejeta ilichemka kwa hiari yake, wakafungua boneti, na Kokuhirwa akasimama kwenye tope na viatu mkononi, anacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka, akatazama, akavua kofia. Wengi wetu tulifuta machozi. Gozbert naye alicheka siku ile, wote tulimwona.

Kesho yake alilirudisha gari peke yake. Alipofika bandani alifungua boneti injini ipoe.

Waya wa honi ulikuwa umeviringishwa lubugo.

Kilikuwa kipande kimoja, chembamba, kibichi kwa udongo. Pembeni yake kulikuwa na mshono wa uzi mwekundu wa Ephrasia, umekatwa vizuri. Kilikuwa kimefungwa kwa fundo moja, na fundo hilo Gozbert alilijua. Ndilo Benigna alilokuwa akifungia senene kwenye jani la mgomba, akimbebea mumewe shambani.

Alikwenda migombani. Kaburi lilikuwa sawa, na majani ambayo Kokuhirwa aliyapanda juu yake baada ya kufukia hayakuguswa. Alisimama pale akijiuliza kama mkewe amemwachia kidogo alichotaka kubaki nacho, au anamwita amfuate. Hakumwambia dada yake.

Alirudi bandani, akafunga boneti polepole. Akaingia nyuma ya usukani, akakiacha wazi kiti cha pembeni, akavua viatu. Baridi ilimwanzia vidoleni. Gozbert akaiacha ipande.